Mzazi anapokuwa mgeni wa mwanawe

Jumapili, usiku

Mahafali ya Julai yanakaribia, na katika miji ya vyuo Uingereza kuna watoto wa Kitanzania wanaohesabu siku mama afike. Nawaza kwa nini safari inayoandaliwa kwa mapenzi makubwa namna hii hukwama kwenye vitu vidogo. Nadhani ni kwa sababu mzazi wetu hajazoea kuwa mgeni kwa mwanawe. Maisha yote yeye ndiye mwenye nyumba. Sasa anakwenda mahali ambapo mtoto ndiye anayejua basi linapita wapi, na chumba chenyewe ni cha kupanga.

Viza kwanza. Wengi huamini barua ya mwaliko kutoka kwa mtoto ndiyo ufunguo. Inasaidia, lakini anayeamua ombi kwa kawaida hakuoni uso. Anasoma karatasi zako, na anachotafuta ni sababu ya wewe kurudi nyumbani. Basi uzito uko Dodoma au Songea, hauko Leeds, Uingereza, anakosoma mtoto. Mwalimu aweke barua ya mwajiri inayotaja mshahara na tarehe za likizo. Mwenye duka aweke leseni ya biashara na karatasi za kodi. Mkulima wa kahawa au korosho asijidharau: risiti za malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, za msimu mzima zinasema mengi kuliko barua ndefu ya kujieleza.

Mahali panapoua maombi mengi ni taarifa ya benki. Akaunti inapokea shilingi 900,000 kila mwezi kwa miezi mitano, halafu wiki moja kabla ya kuomba zinaingia milioni 12 kwa mkupuo. Kwetu tunajua kilichotokea: ndugu wamechanga, au vicoba, vikundi vya kuweka akiba, vimevunjwa. Msomaji wa ule upande haoni ndugu, anaona pesa ya kuazimwa ili akaunti ipendeze. Kama ni mchango, sema ni mchango, na kila mchangiaji mkubwa aandike barua na kuambatanisha taarifa yake ya benki. Kama ni kiwanja kimeuzwa, weka mkataba wa mauzo. Na mtoto asijitoe kuwa mlipaji wa safari kutoka kwenye pesa aliyoionyesha kwa ajili ya masomo yake. Hapo mtu atauliza, na ana haki, je, yeye atakula nini?

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema mama ni Mwanaidi, pasipoti ya mama inasema Zuhura. Hili limalizwe mapema kwa hati ya kiapo. Karatasi yoyote ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko kuwa ni sahihi, tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mfasiri.

Ombi linajazwa mtandaoni, kisha unakwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole na picha. Ada ya viza ya matembezi ya hadi miezi 6 ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127, na hairudishwi ukikataliwa. Unaruhusiwa kuomba miezi 3 kabla ya safari, wala si zaidi. Jibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 3 baada ya alama za vidole. Tiketi ya ndege isilipiwe kabla ya jibu. Omba siku zinazolingana na likizo uliyopewa kazini. Barua ya mwajiri ikisema wiki 3 na fomu ikasema miezi 4, umejitengenezea swali mwenyewe.

Kuhusu uwanja wa kushukia: mtoto akiwa Leeds, London ni kujitesa. Kutoka Doha, Dubai au Istanbul kuna ndege hadi Manchester, na kutoka uwanjani pale kuna treni ya kwenda Leeds. Mzazi asiyejua Kiingereza aombewe huduma ya kiti cha magurudumu saa 48 kabla ya safari, hata kama magoti ni mazima. Ni bure, na kuna mtu wa kumsindikiza hadi dirisha la uhamiaji. Wengine huona aibu. Aibu ya kupotea Doha saa tisa usiku ni kubwa zaidi.

Chakula ndicho kinacholeta machozi. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia: kuku wa kienyeji aliyekaangwa vizuri, samli, mtindi, vyote huishia kwenye pipa la forodha. Lakini samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa wa Kigoma watafika salama (wafunge mara tatu, harufu haina pasipoti). Nazi sawa. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, basi yabaki nyumbani. Dawa za presha na sukari zikae kwenye begi la mkononi, ndani ya boksi zake, pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Na bima ya safari ni lazima hata kama hakuna anayeiuliza: mgeni akilazwa hospitali ya serikali, anatozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Kitu kimoja hakihitajiki kununuliwa, kichwa cha kubadilishia plagi. Zile za pini tatu bapa tunazotumia ndizo zao.

Sasa malazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mabweni mengi ya Uingereza yameiandika kwenye mkataba bila kujua. Mgeni hulala usiku mbili au tatu mfululizo, baada ya hapo mtoto anavunja masharti yake. Panga chumba cha kukodi karibu na bweni la mtoto. Wiki za mitihani, Januari na tena Mei hadi mapema Juni, ziepukwe kabisa.

Halafu moshi. Jikoni la pamoja mara nyingi lina kifaa kinachosikia joto, lakini korido ina kinachosikia moshi, kile cha duara darini chenye kitaa kinachowaka na kuzima. Mama anakaanga vitunguu, anaona jiko limejaa mvuke, anafungua mlango wa jikoni ili hewa itoke na kuuzuia kwa kiti. Amekosea mlango. Moshi unatambaa hadi koridoni, king'ora kinalia, na wanafunzi 60 wanashuka ngazi na mataulo. Mlango ufungwe, dirisha lifunguliwe, feni ya juu ya jiko iwashwe kabla mafuta hayajapata moto. Udi na ubani usichomwe ndani ya jengo hilo hata kidogo.

Siku zitamshangaza. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na anayengoja isha atangoja sana. Mtoto naye anaweza kuwa kazini. Viza ya mwanafunzi wa shahada humruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kwa wengi saa hizo ndizo zinazolipa kodi ya chumba.

Kabla ya kuondoka mama atataka kupika akiba ya mwezi mzima. Friza ni ya watu sita, kila mmoja ana droo moja. Maharage yaliyoungwa yapoe kwanza, yatiwe kwenye mifuko ya nusu lita, yalazwe bapa kama madaftari ndipo yagande. Hivyo huingia mifuko kama kumi mahali ambapo mabakuli manne yangegoma. Juu ya kila mmoja iandikwe tarehe, na jina la mtoto.