Na Ile Karatasi Yangu?

Leo ni siku ya nne tangu Shangazi aniulize swali lile, na bado sijapata jibu ambalo ningeridhika nalo kama ningekuwa yeye. Wiki hii Zawadi ameposwa, mkuu wetu wa shule amehamishwa na mvua imetukatia umeme siku mbili. Yote hayo yamenipita kama redio ya jirani, kwa kuwa kila nikikaa peke yangu ninarudi kwenye mkeka wa Shangazi, Jumamosi usiku, na ile sauti yake isiyo na haraka.

Wasomaji wa siku nyingi mmeshachoka kunisikia nikimtaja Ousmane Sembène, mwandishi na mwongozaji filamu wa Senegal, lakini leo nivumilieni tena. Nilichokuwa nikitaka Jumamosi ile, nakiri, ni kufanya jaribio. Sembène alikuwa akisema kwamba filamu ni shule ya jioni, nami nimelirudia neno hilo mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano kwa miaka sita bila kumpeleka mtu hata mmoja kwenye shule yenyewe. Shangazi hakusoma. Anajua kuhesabu fedha kuliko mimi, anaijua Kurani kwa moyo sehemu kubwa, lakini barua husomewa. Basi nikachukua kompyuta mpakato, nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwonyesha *Mandabi*, filamu ya mwaka 1968, ambayo watu wake wanazungumza Kiwolofu, lugha ya Senegal, huku mimi nikisoma maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha na kumgeuzia kwa Kiswahili.

Kisa chake mnakijua, na waliosoma tamthilia ya *Hawala ya Fedha* ya Amandina Lihamba, iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1980, wanakijua kwa lugha yetu. Ibrahima Dieng, mzee wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Elfu mbili ni zake, elfu tatu ni za mama wa kijana, elfu ishirini ni za kuwekwa. Ili azipokee posta anahitaji kitambulisho. Ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Na kabla hajavipata vyote hivyo majirani wameshakuja kukopa, duka limeshamdai, mpiga picha ameshamlaghai. Mwishoni anatokea Mbaye, msomi mwenye suti na gari, anayemwambia asihangaike, amwandikie tu uwakili naye atakwenda kuzichukua.

Dakika za mwanzo, pale kinyozi anapomnyoa Dieng chini ya mti na kumsafisha hata ndani ya pua, Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Nikaanza kumweleza kwamba mwongozaji hapo anatuonyesha majivuno ya mtu asiye na kitu. Akaniwekea mkono gotini. "Nyamaza kidogo, baba, nimwone." Nikanyamaza. Baada ya hapo nilitafsiri maneno tu, nikayaacha maelezo yangu, na nilipochelewa sentensi mbili tatu niligundua kwamba haningojei. Neno la Kifaransa la kitambulisho alikuwa ameshalishika kwa kulisikia, na kila karani alipolitamka alilitamka naye, kwa dharau ileile.

Kisha Mbaye akaingia. Sasa nayaandika maneno kama yalivyosemwa, maana nimeyapitia mara nyingi mno kuyasahau.

"Huyu naye ana kazi gani?"

"Ni msomi, shangazi. Anamsaidia."

"Ahaa. Anamsaidia."

Tukaangalia mpaka Mbaye aliposema kwamba fedha zimeibwa, akampa mzee mchele. Shangazi hakushangaa. Akajifunga vizuri upande wa kanga, akaniuliza huku bado anaangalia kioo:

"Na ile karatasi yangu?"

"Karatasi gani, shangazi?"

"Ya kiwanja. Si nilikupa wewe, kwa sababu umesoma?"

"Ipo, shangazi. Inashughulikiwa."

Hapo ndipo penye mwiba. Karatasi ya mauziano alinipa Machi mwaka jana ili niitoe nakala na kuanza kufuatilia hati, na nilipouliza "karatasi gani" nilikuwa ninaijua vizuri sana. Lakini kinachoniamsha usiku ni lile jibu la mwisho. Nani anaishughulikia? Mimi ni mwalimu wa lugha. Ninawafundisha watoto kauli ya kutendwa kila mwaka, na siku nilipohitaji mahali pa kujificha nilijificha ndani yake.

Nilikuwa nimezoea kujivunia jambo moja kila nilipofundisha habari za Sembène: kwamba tatizo lake sisi tulilimaliza zamani. Yeye alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923, mtoto wa mvuvi, akaacha shule mapema, akawa fundi mwashi, akapiganishwa vita ya Wafaransa, akapakua mizigo bandarini Marseille na kujisomea hukohuko. Riwaya yake kubwa, kuhusu mgomo wa reli ya Dakar–Niger wa mwaka 1947 na 1948, ilitoka mwaka 1960, na aliporudi Afrika alikuta kwamba watu aliowaandika hawawezi kuisoma. Wanawake wanaotembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar ndani ya kurasa zile wangehitaji mtu wa kuwasomea, na kwa Kifaransa. Ndipo mtu wa karibu miaka 40 akaenda Moscow kujifunza kushika kamera. Alipopata fedha za Wafaransa za kutengenezea *Mandabi* ilibidi aitengeneze mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu, na ile ya Kiwolofu ndiyo aliyoitaka. Akaanzisha pamoja na Pathé Diagne gazeti la Kiwolofu, *Kaddu*. Mwaka 1977 filamu yake *Ceddo* ikazuiwa nchini mwake, na sababu iliyotolewa ni kwamba jina limeandikwa kwa d mbili wakati serikali ya Senghor ilitaka d moja. (Senghor, rais wa Senegal wakati huo na mshairi, ambaye baadaye alikaribishwa kuketi katika Akademia ya Ufaransa! Wengi waliamini kwamba kilichowaudhi wakubwa ni mambo yaliyokuwamo ndani ya filamu, wala si herufi, nami nimo katika hao wengi.)

Sisi, nilikuwa nikiwaambia wanafunzi, karani wetu husema Kiswahili. Ni kweli, na si jambo dogo. Lakini "inashughulikiwa" ni Kiswahili sanifu kabisa, na mbele ya Shangazi ilikuwa Kifaransa. Sembène aliliona hilo mapema kuliko wengi: wanaomla Dieng ni Waafrika wenzake, wengine wakimwita mzee kwa heshima zote, na Mbaye anamtendea mabaya huku wakielewana kila neno. Nimeifundisha filamu hiyo kama habari ya lugha. Shangazi aliitazama mara moja akaona ni habari ya nani anayekaa na karatasi.

Juzi jioni, nilipokuwa nikizikagua insha, nilijikuta nimecheka peke yangu. Nilikumbuka kwamba nilikwenda kwake na jaribio, na jaribio lilijibu. Nilichukia tu kwamba aliyepata sifuri ni mimi. Sidhani kama Sembène angetaka mtazamaji mwingine zaidi ya mwanamke huyu, asiyeuliza filamu ina maana gani, anayetoka ndani yake moja kwa moja kwenda kudai kilicho chake. Jana nilipompelekea mihogo, tena nikiwa nimejiandaa kwa lolote, aliitikia shikamoo yangu akaniuliza kama "yule bwana" ana nyingine, yenye wanawake wasiosubiri posta. Ipo: *Moolaadé* ya mwaka 2004, aliyoitengeneza akiwa na miaka zaidi ya 80, miaka mitatu kabla hajafa, ambamo Collé anawakinga wasichana wanaokimbia kukeketwa, na wanaume wanazikusanya redio za wanawake na kuzichoma moto. Tutaitazama Jumamosi. Nimeshaahidi kutafsiri na kunyamaza.

Karatasi nimeitafuta asubuhi hii. Haikuwa inashughulikiwa na mtu yeyote. Ilikuwa droo ya chini, chini ya mitihani ya mwaka jana, nzima, ila kona moja imeliwa, na sahihi ya mwenyekiti imenusurika kwa upana wa kidole. Kesho nina vipindi viwili tu, nitaondoka saa nne niende nayo mwenyewe. Lakini nilipoivuta droo nyuma yake nikaona njia ya udongo imepanda ukutani hadi kwenye kenchi, na nilipoigonga kenchi kwa mpini wa ufagio imelia kama debe tupu, na bati lote la chumba cha watoto limekaa juu ya kenchi hiyo.