Siku moja maishani mwangu: soja wa mlangoni na bunduki ya kupimia joto la mwili, Mombasa, Mei 2020

Mwaka ule wa korona watu waliwapigia makofi madaktari na manesi, na walimngoja Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, kwenye runinga awatajie idadi ya wagonjwa wapya wa siku hiyo. Soja wa mlango wa supamaketi hakungojwa na mtu, alilaumiwa tu. Na huyo ndiye aliyekutana na uoga wa mji mzima, mtu mmoja baada ya mwingine, asubuhi hadi kafyu. Ninayoieleza ni siku ya kawaida ya katikati ya Mei, ndani ya Ramadhani. Mombasa imefungwa tangu Aprili 8, hakuna kuingia kaunti wala kutoka, na Mji wa Kale nao umefungwa ndani ya mji uliofungwa.

Saa 11 alfajiri kafyu inaisha, watu wanamiminika feri ya Likoni. Wananawa mikono kwa foleni ya heshima, kisha wanabanana langoni bega kwa bega. Saa 12 niko kazini.

Saa mbili za kwanza, kabla ya mlango kufunguliwa, ndizo zenye kazi ambayo mteja haioni. Kwanza maji. Tangi la lita 100 lenye bomba la kukanyaga linajazwa kwa mitungi ya lita 20 ya mkokoteni, na mara nyingi ni maji ya kisima, ya chumvi. Sabuni ya mche haitoki povu kwenye maji hayo. Mtu husugua, haoni povu, huhisi hajanawa, huongeza sabuni, huongeza maji, na tangi linakauka kabla ya saa 4. Dawa yake ni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kisha waya wa kanyagio uangaliwe kila asubuhi, maana ukilegea watu hurudi kushika bomba kwa mkono, na hapo ni afadhali ungeweka ndoo na kata.

Pili, Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Ile ya asilimia 3.5, kwa mishikio ya troli na vikapu, ni mililita 30 kwa lita moja ya maji, unapata kama asilimia 0.1. Penye matapishi au makohozi, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, asilimia 0.5. Hiyo ya pili ukiipaka troli kila siku, chuma kitashika kutu. Pangusa, acha unyevu ukae dakika nzima au zaidi, ndipo mtu ashike. Mchanganyiko wa jana haufai, hasa uliolala kwenye chupa wazi au kupigwa na jua. Ila wateja hupima usafi kwa pua: wakisikia harufu wanatulia, wasiposikia wanasema hatujasafisha, na wapo mameneja wanaotaka Jik iongezwe ili inuke tu. Kitu kimoja hakina mzaha: isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi. Gesi itokayo hapo hushambulia mapafu papo hapo, haingoji korona.

Tatu, sanitaiza. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi ifike lita 10. Hiyo ina ethanoli asilimia 80. Za dukani nyingi huandikwa 70. Sasa piga hesabu ya stoo: dumu la lita 5 la asilimia 70, mtu akitia lita moja ya maji ili lidumu, linashuka hadi 58, na chini ya 60 huna dawa ya kutegemea. Soja hana maabara ila ana kiganja. Nzuri hupoza ngozi na kukauka ndani ya nusu dakika hivi, iliyotiwa maji hubaki imelowa. Na mteja apewe mililita 3, yaani zaidi ya nusu kijiko cha chai. Lile tone moja la kumridhisha soja halifiki hata kwenye vidole.

Halafu bunduki ya joto. Itolewe ofisini kwenye kiyoyozi nusu saa kabla ya kazi, izoee hewa ya nje, la sivyo itasema uongo asubuhi nzima. Lenzi ipanguswe kwa pamba yenye spiriti kidogo. Hakikisha iko kwenye hali ya kupima mwili, si ya kupima vitu, kwa sababu kwenye hali ya vitu binadamu mzima husoma 33 na kuonekana kama maiti. Hakikisha pia iko kwenye Selsiasi. Kitufe kikiguswa kwa bahati mbaya, inaandika 97.9 na mteja anataka kuzimia, kumbe ni 36.6 kwa Farenhaiti. Umbali ni sentimita 3 hadi 5 kutoka paji la uso kwa bunduki nyingi, nyingine hadi 15. Kijitabu chake kinasema, nani anakisoma?

Saa 2 mlango unafunguliwa. Ndani wanaruhusiwa watu 40, na njia rahisi ya kuhesabu ni vikapu: toa 40 tu, kila anayeingia ashike kimoja, vikiisha mlango unafungwa hadi kimoja kirudi. Familia ya watu wanne yenye kikapu kimoja ndiyo huvuruga hesabu, kwa hiyo mmoja anaingia, wengine wanangoja. Wazee kadhaa hawataki spiriti mkononi, tena wamefunga. Hakuna haja ya mjadala wa dini mlangoni: bomba lile pale, sabuni sekunde 20, yatosha kabisa. Kina mama wa ninja, waliofunika uso, wanapimwa na dada mwenzangu wa zamu, pembeni. Paji lililotoka sasa hivi chini ya ushungi husoma juu, lililolowa jasho husoma chini. Unampa dakika moja, unapima. Asubuhi huenda hivyo, mia kwa mia, “karibu mamangu, nawa hapa, sogea mbele.”

Shida ni saa 7.

Saa 7 jua la Mombasa limesimama kichwani, na gari lililoegeshwa juani limegeuka tanuri. Anashuka bwana mmoja, shati limepigwa pasi, barakoa ya bei iko kidevuni. Bunduki inasoma 38.3, kioo chekundu. Hilo si jambo geni. Ngozi iliyochomwa na jua hupanda, na mtu mwenyewe ni mzima. Utaratibu ni mmoja: akae kivulini dakika 10 hadi 15, asijipanguse maji usoni, apimwe tena. Ikifika 37.5 au zaidi mara ya tatu, na ana kikohozi au anahema, anatengwa na namba ya korona ya kupigwa wakati ule ilikuwa 719. Yote hayo kwa sauti ya chini.

“Soja, wanijua mimi?”

“La, bwana mkubwa. Nakuomba tu uketi hapa kivulini kidogo.”

“Mimi nina homa? Umeniona mimi nina homa? Hicho kidude chachoma ubongo. Pima hapa.” Akanyoosha mkono.

Wengi hunyoosha mkono. Kifundo cha mkono hupoa kuliko paji, tena kimetoka kunawa maji, kwa hiyo kitakupa nambari nzuri isiyo na maana. Na bunduki haichomi chochote, kwa sababu haitoi kitu. Inapokea joto linalotoka mwilini, kama jicho linavyopokea mwanga. Ile nukta nyekundu iliyo kwenye baadhi ya bunduki ni ya kulengea tu. Hayo niliyasema. Hayakusaidia, kwani alichokuwa akikiogopa si mionzi.

Foleni ilikuwa imebanana juu ya utepe wa mita moja na nusu tangu asubuhi, nimeomba hadi koo limekauka. Ilipoonekana rangi nyekundu, iliruka nyuma yote kwa pamoja. Mita nne wazi! Mama mmoja akajifunika leso juu ya barakoa. Na bwana huyu aliliona hilo. Mwezi ule mtu akihisiwa tu, anafikiria gari la wahudumu waliovaa magwanda meupe likisimama mtaani kwake, siku 14 za karantini, na bili ya karantini yenyewe, maana wapo waliodaiwa malipo ya kukaa humo. Anafikiria pia mazishi ya haraka yaliyoonyeshwa kwenye habari, jamaa wachache, suti za plastiki. Nambari 38.3 mbele ya watu ni fedheha. Kwa hiyo alikaa dakika tatu, akainuka. Ukiinuka ukarudi juani, saa inaanza upya. Akaketi, akavua barakoa ili anifokee vizuri. Akampigia meneja, kisha akaninyooshea simu, “Zungumza naye,” simu iliyotoka mdomoni mwake ikija sikioni mwangu. Nikamwomba aweke spika. Hilo nalo likawa dharau.

Kipimo cha pili 37.6. Cha tatu 36.8. Aliingia bila kunitazama, akatoka na boksi la glavu, ndimu kilo mbili na tangawizi.

Wakati huo wote, kwa dada mwenzangu alipita kijana mmoja mtulivu, 36.4, kijani, barakoa imekaa sawasawa, akikohoa mara mbili tatu kwenye kiwiko. Bunduki haikuwa na neno naye. Pengine ni vumbi. Pengine amemeza Panadol nyumbani, na homa iliyotulizwa kwa Panadol haionekani mlangoni. Hiki ndicho ambacho wateja hawakuwahi kutaka kukisikia: mwenye virusi anaweza kuwaambukiza wengine siku mbili kabla ya kujisikia vibaya, na wapo wasiopata homa kabisa. Bunduki ndiyo kifaa dhaifu kuliko vyote pale mlangoni. Vile vikapu 40, utepe wa sakafuni na mlango wa nyuma ulioachwa wazi hewa ipite vilifanya kazi zaidi, lakini hakuna aliyewahi kugombana na kikapu. Watu walikiogopa kinachoonekana. Vile vibanda vya kunyunyizia watu dawa vilipendwa sana, na Mei hiyohiyo Shirika la Afya Duniani likasema mtu asinyunyiziwe dawa kwa hali yoyote, inaumiza macho na ngozi na haimwondolei virusi vilivyo ndani.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Barakoa yangu ya kitambaa imelowa jasho, na barakoa iliyolowa haipitishi hewa vizuri, inabidi kubadili, nazo ninazo mbili tu. Mikono imepasuka kwa spiriti. Miguu usiulize. Wanakuja watu wa glavu: glavu inashika troli, inashika noti, inashika simu, inarekebisha barakoa, na mwenye glavu ameridhika kwamba amekinga mikono. Wanakuja wanaoazimana barakoa, mmoja anatoka, anaivua, anampa mwenzake aliye nje naye aingie, kisa ile faini ya hadi shilingi 20,000. Wachuuzi wa barakoa nao wako hatua chache kutoka mlangoni, na wanunuzi wanajaribisha mojamoja usoni na kuzirudisha kwenye kamba. Nimewaomba wachuuzi wakatae kujaribishwa. Wanasema mteja hanunui asichokijaribu. Noti nazo zinashikwa kwa ncha mbili za vidole. Anayetaka kuziepuka tunamwelekeza kwenye M-Pesa, maana kutumiana hadi shilingi 1,000 kulikuwa kumeondolewa ada tangu Machi ya mwaka ule.

Kisha alasiri inaanguka yote kwa mkupuo. Kafyu ni saa 1 usiku, futari ni kabla ya hapo kidogo, feri ina foleni, na hakuna aliyesahau moshi wa machozi wa polisi wa Machi 27 pale Likoni, siku ya kwanza ya kafyu. Amri ya kupunguza mikusanyiko imewakusanya wanunuzi wa siku nzima kati ya saa 9 na saa 11. Tende, unga, maziwa, mafuta. Vikapu 40 vimeisha, nje kuna watu mara mbili ya hao, na kila mmoja ana sababu ya kweli. Hapo kupima kwenyewe kunakuwa kubaya: mkono umechoka, umbali unabadilika, paji zina jasho, na betri zimelegea. Nikilazimika kuchagua kati ya kupima kila mtu na kupanga foleni, napanga foleni. Kitabu cha mlangoni kitalalamika, mapafu ya watu hayatalalamika.

Saa 11 tunafunga. Wa mwisho hugonga kioo na kuonyesha saa yake, ati bado dakika mbili.

Kwa soja wa zamu ijayo: toa betri kwenye bunduki usiku, weka mpya za alikali, za bei rahisi hulegea haraka. Jik iliyobaki mwaga. Tangi liachwe tupu na mfuniko wazi likauke. Na stoo wakileta dumu la sanitaiza lililokwisha funguliwa, usilipokee kabla hujajaribu kiganjani.