Karimjee na wakata mkonge

Mara nyingi anapofariki kiongozi mkubwa tunasikia wananchi wataaga mwili viwanja vya Karimjee. Hata huku Lindi jina hilo halitutoki mdomoni, ila wengi wetu mwenye jina hatumjui. Wiki hii nimekuwa nikimsoma Abdulkarim Karimjee, meya wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na bado namuwaza.

Ukoo wake ni Mabohora, Waislamu wa Kishia wa Kutch, India, waliofanya biashara Unguja tangu karne ya 19, kisha bara wakawa miongoni mwa mabwana wakubwa wa mkonge. Ukumbi wa Karimjee, ulio kwenye viwanja vile, ulijengwa kwa fedha zao, ukakabidhiwa kwa mji mwaka 1955. Yeye akawa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia 1956. Uhuru ulimkuta kitini, na mwaka 1962 nafasi yake ikashikwa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kwa hilo namheshimu: tajiri wa enzi ya Mwingereza aliyeendelea kuitumikia nchi bendera ilipobadilika.

Lakini mimi ni mjukuu wa manamba, kibarua wa mkataba mashambani. Babu mzaa mama alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kama Wamakonde wengi wa wakati ule, akaja kukata mkonge Lindi hii. Kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30, na siku haikuandikwa mpaka umalize kazi uliyopimiwa. Unakata jani, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga matita, unayapanga kando ya reli ya troli yapelekwe korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani. Utomvu wake unawasha ngozi vibaya; mama anasema mikono ya babu ilibaki na makovu mpaka uzeeni. Mkonge wa kina Karimjee ulijulikana zaidi Tanga, ila mkonge ni mkonge, na aliyeukata Tanga aliumia kama babu.

Ndiyo maana, ukisifiwa ukarimu wa meya yule, nataka na wakataji watajwe. Fedha ile ilianzia mikononi mwao. Kusema hivyo si kumvunjia heshima marehemu.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Matajiri wakapoteza ardhi, ila jina la Karimjee likabaki kwenye ukumbi. Babu hakuachiwa shamba wala jina popote.

Natamani Halmashauri ya Jiji iweke kibao pale mlangoni, chini ya jina la Karimjee, kiwataje wakata mkonge wa Tanganyika.