Choki ya Beetle yangu ilikuwa nzima

Kila makanika niliyempelekea Volkswagen Beetle yangu alinipa jibu lile lile: "Mzee, toa hiyo choki. Hapa Kenya hakuna baridi." Haya naambiwa Limuru, mwezi wa Julai, ukungu umetanda mpaka saa nne asubuhi! Yaliniudhi, na bado yananiudhi: choki ndiyo kibati kinachobana hewa ya kabureta ili injini baridi iwake.

Gari ni la 1972, injini ya 1600, kabureta ya Solex 34 PICT-3, ile yenye choki ya umeme, inayofunguka polepole kadiri umeme unavyoipasha moto. Asubuhi lilikuwa linawaka vizuri, ila likishapata moto linakohoa, linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kupita kiasi. Plagi ukizitoa, zimejaa masizi makavu. Hiyo ni choki isiyofunguka: kibati cha mdomoni mwa kabureta kinaendelea kuziba hewa hata injini ikiwa moto. Nasi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na petroli huzidi hata bila choki.

Makanika mmoja alitaka ninunue kabureta nyingine, elfu kumi na kitu. Mwingine alikifunga kibati kwa waya kikae wazi siku zote. Moshi uliisha, lakini kesho yake nilipiga stata mpaka betri ikachoka, na lilipowaka likawa linazima kila nikiachilia mafuta. Ule waya niliukata siku hiyo hiyo, nikaamua kazi hii ni yangu.

Nilitoa kichujio cha hewa (kina oili ndani, usikiinamishe) injini ikiwa baridi kabisa. Nikakanyaga pedali ya mafuta mara moja, nikaiachilia, kibati kikajifunga. Bila kukanyaga hakifungi, na wengi waliozoea magari ya siku hizi hawalijui hili. Sasa sikiliza nilichofanya. Ufunguo ukiwa umezimwa, nilichomoa waya wa choki, nikaleta waya mrefu kutoka chanya ya betri, kule chini ya kiti cha nyuma, nikaugusisha moja kwa moja kwenye choki. Nikavuta kigoda, nikakaa kutazama. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu kibati kikasogea kidogo, kikatulia, kikasogea tena, na baada ya dakika chache kilikuwa kimesimama wima, mdomo wa kabureta wazi kabisa. Injini haijawashwa! Niliita watu wa nyumbani waje waone. Choki waliyotaka kuitupa ilikuwa nzima. Ilikuwa inanyimwa umeme.

Ufunguo nauzima makusudi: ukiuacha wazi muda mrefu bila injini kuwaka, koili, ile inayotoa umeme wa plagi, inaweza kuungua.

Kupima njia ya umeme nilitumia balbu ya taa ya nyuma yenye nyaya mbili. Kwenye koili, waya wa choki unakoanzia, iliwaka kwa nguvu. Mwishoni mwa waya wa choki ikawa nyekundu hafifu. Katikati, chini ya tepu, palikuwa na kiungo kilichosokotwa kwa mkono na yule aliyefunga alamu ya wizi, shaba imeota kutu ya kijani. Waya mpya na vichwa vyake vilinigharimu shilingi mia mbili au tatu hivi.

Kisha nililegeza zile skrubu tatu za duara la choki, nikazungusha mpaka alama yake ikakaa sawa na alama ya katikati iliyo kwenye kabureta, nikakaza. Plagi sasa zina rangi ya kahawia, na petroli ya wiki inafika wiki.

Kama yako kweli imekufa na unaenda kutafuta nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, Nairobi, soma maandishi yaliyogongwa juu yake kabla ya kulipa. Zipo za 6V za Beetle za zamani. Ukiifunga hiyo kwenye gari la 12V inapata moto haraka mno, na choki inafunguka injini ikiwa bado baridi.