Mzigo Huu ni wa Nani? Siku Moja kwenye Mashine ya Ukaguzi, Uwanja wa Ndege wa Mwanza

Saa kumi alfajiri nimeshaamka. Chai ya rangi, viazi vya kiporo, sare niliyoipiga pasi jana, kisha bodaboda kutoka Pasiansi. Saa kumi na moja na nusu tunapokezana zamu, tunaijaribu mashine na kugawana nafasi: mmoja mlango wa kugundua vyuma, mmoja mbele ya kioo cha mashine, mmoja kupekua. Wa kwenye kioo hakai sana. Baada ya dakika 20 hivi anampisha mwenzake, maana macho yakichoka hupitisha kitu bila kukiona.

Ndege za asubuhi ziliondoka salama. Abiria wa Mwanza hasafiri mikono mitupu: sato waliogandishwa, sangara wa kukaanga, dagaa kwenye kiroba. Kwenye kioo samaki, mkate na nguo hutokea kwa rangi ya machungwa, chuma hutokea bluu, kwa hiyo kisu kilichosahauliwa katikati ya sato hujionyesha chenyewe. Leo kilikuwepo kimoja. Mama mwenye samaki alicheka, akampa kijana wake aliyemsindikiza, akapita.

Ugomvi ulikuja saa nne.

Kwenye foleni alikuwepo binti mwenye begi la mgongoni, mwanafunzi wa chuo kwa kumtazama, amekumbatia boksi lililozungushwa gundi ya karatasi kila upande. Lilimzidi mikono. Nyuma ya kamba, upande wa wasindikizaji, mwanaume wa makamo alikuwa akimpa ishara asonge mbele.

"Mdogo wangu, boksi ni lako?"

Binti akageuka nyuma. Yule bwana akajibu kwa niaba yake.

"Dada, ni dagaa tu. Ananisaidia kufikisha kwa shemeji yangu, kuna arobaini Dar. Atapokelewa palepale uwanjani."

"Wewe unasafiri, kaka?"

"Mimi nabaki."

"Mdogo wangu, mnafahamiana?"

"Tumekutana hapo nje," akasema, sauti haitoki.

Nikamwambia boksi haliendi kwa njia hiyo. Hapo ndipo palipowaka. Yule bwana alisema nifungue nione, kama ni dagaa nipitishe. Akasema sina utu, marehemu alikuwa mama mkwe wake. Akawauliza waliokuwa kwenye foleni kama kuna asiyewahi kumbebea mtu mzigo, na wengi wakaitikia kwa vichwa, kwa sababu ni kweli. Sisi ndivyo tunavyoishi. Mzigo unapewa dereva wa basi, konda, nahodha, jirani anayesafiri, nao unafika. Kisha akatoa neno lililonikaa moyoni siku nzima: "Haya mambo ya ugaidi ni ya Wazungu. Mnatunyanyasa kwa hofu ya watu wengine."

Foleni ilisimama. Nilimjibu kwa upole, kwa maneno machache kuliko haya.

Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland, wakafa watu 329. Bomu lilikuwa kwenye begi ambalo mwenye tiketi yake hakupanda. Tarehe 21 Desemba 1988 ikawa zamu ya ndege ya Marekani, Pan Am 103, juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti: watu 270, na 11 kati yao walikuwa majumbani mwao chini. Na hapo tena begi lilisafiri bila mwenyewe. Ndiyo maana hata nikifungua boksi na kukuta dagaa, swali langu linabaki palepale: mzigo huu ni wa nani, na yuko wapi?

Na si mambo ya Wazungu. Tarehe 26 Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyotoka hapahapa Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana wa Kitanzania waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Abiria waliotarajia kulala Dar walizungushwa Nairobi, Jeddah na Athens, mpaka watekaji waliposalimu amri Stansted, Uingereza. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na kundi la al-Qaeda. Dar pekee walikufa watu 11. Wengi wa waliokufa siku ile, huku na kule, walikuwa Waafrika.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya binti akasema mwaka 82 alikuwa kijana mjini hapa, na habari ile aliisikia redioni. Yule bwana akanyamaza kidogo. Nikamwelekeza ofisi ya kusafirisha mizigo, huko ataandika jina lake na namba yake. Akaondoka na boksi bila kuaga. Binti alipita, akaniambia kwa sauti ndogo, "Wabeja, dada," yaani asante kwa Kisukuma. "Nilishindwa kumkatalia."

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mwenzetu anauguliwa na mtoto, nikabaki kushika nafasi yake. Miguu iliuma, shingo ikakakamaa. Kijana mmoja aligoma kuvua viatu akisema Marekani yenyewe imeacha, na ni kweli iliacha Julai 2025, baada ya kuwavulisha watu kwa miaka mingi kwa sababu ya mtu aliyejaribu kulipua ndege kwa kiatu Desemba 2001. Nikamweleza kwamba mlango umelia, na ulilia kwa sababu ya kiatu chake.

Mchana akaja kiongozi mmoja na wapambe, wakitaka begi lake lipite pembeni. Nilipoanza kazi foleni ingenyamaza. Leo mama mwenye kanga alisema kwa sauti, "Lipite kwenye mashine kama letu," na wengine wakamuunga mkono. Likapita. Zamani mzee akiambiwa afungue begi aliona amedhalilishwa mbele za watu. Siku hizi watu wanaanza kuudai ukaguzi kama haki yao.

Nafikiri wako sahihi, na serikali zisikie. Familia za Lockerbie hazikukubali kuambiwa ni bahati mbaya. Wiki mbili kabla, balozi za Marekani zilikuwa zimepewa taarifa ya tishio. Abiria wa kawaida hawakuambiwa kitu. Wachunguzi walisema tishio lile halikuhusiana na mlipuko, lakini familia ziliuliza kwa nini wengine wajue na wengine wasijue. Zilibana mpaka tume ya Rais wa Marekani, mwaka 1990, ikakiri kwamba ulinzi ulikuwa na kasoro kubwa. Mwaka 2003 Libya ilikubali kuwajibika kwa mlipuko ule na kuahidi fidia ya dola bilioni 2.7.

Sasa tazameni ya kwetu, ya balozi zile za 1998. Sudan, iliyoshtakiwa kwa kuwapa hifadhi al-Qaeda, ilitoa dola milioni 335 mwaka 2020, na fungu la kila Mmarekani lilikuwa kubwa kuliko la Mkenya au Mtanzania aliyefanya kazi ubalozi uleule. Raia wetu aliyekuwa akipita tu barabarani hakuwemo. Hili linaniuma. Fidia ya miaka 22 baadaye, kwa mizani ya pasipoti, haimrudishi mtu. Uwajibikaji ninaoweza kuushika mimi uko kwenye meza hii, kabla ya ndege kuruka, na hauna fungu la Mzungu wala la Mswahili.

Jioni radi ilipiga ziwani, ndege ya mwisho ikachelewa, abiria wakatugeuzia sisi hasira zao. Tulivumilia. Giza likiwa limeshaingia, mwenzangu wa upande wa mizigo akaniambia yule bwana alirudi, akajaza fomu na kulipia. Boksi lilikaguliwa: dagaa watupu. Limeondoka kwa jina lake.