Stori ya bei ya mafuta ikiandikwa na programu, mwandishi anafanya nini?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za petroli, dizeli na mafuta ya taa huanza kutumika. Kwa chumba cha habari hiyo ni stori ya lazima, na umbo lake halibadiliki: jedwali refu la miji, safu tatu za bei, na msomaji wa Kigoma anayetaka kujua ya Kigoma, si ya Dar es Salaam. Ndiyo maana tulianza nayo tulipoingiza programu kwenye dawati la uchumi. Naeleza tulivyoipanga, na zaidi ya hapo kazi za watu zilivyohama, maana pagumu ni hapo.

Jedwali linakuja kwenye PDF. Tunalitoa kwa Tabula, programu ya kuchomoa majedwali kwenye PDF, na kuliweka Google Sheets, kila mji mstari wake. Usumbufu wa hatua hii ni uleule kila mara: jina la mji lenye maneno mawili linakatika na kuwa mistari miwili, kichwa cha jedwali kinajirudia kila ukurasa unapoanza, na koma ya maelfu inasomwa kama nukta, hivyo 2,884 inageuka 2.884. Kwa hiyo kabla ya sentensi yoyote kuandikwa, jedwali linapita vizuizi vinne. Idadi ya miji ilingane na ya mwezi uliopita. Kusiwe na kisanduku kitupu. Bei isiwe chini ya 1,000. Tarehe ya tangazo iwe ya mwezi huu. Kimoja kikigoma, stori haitoki mpaka mtu aangalie.

Hicho cha tarehe wengi hukiona cha ziada. Juni 2017 programu ya gazeti la Marekani la Los Angeles Times inayoandika habari za matetemeko ilitangaza tetemeko kubwa la Santa Barbara ambalo lilikuwa limetokea mwaka 1925. Taarifa iliyoipokea kutoka taasisi ya jiolojia ya Marekani ilikuwa na tarehe isiyo sahihi, na programu haikuwa na sababu ya kushtuka.

Kiolezo chenyewe, yaani sentensi zilizoandaliwa ambazo programu inajaza namba, ni kifupi. Tofauti ya bei mpya na ya mwezi uliopita ikizidi sifuri, andika "imepanda kwa shilingi". Ikiwa chini ya sifuri, "imeshuka kwa shilingi". Ikiwa sifuri, "haijabadilika". Ukiiacha hiyo ya tatu utachapisha "imeshuka kwa shilingi 0". Asilimia igawanywe kwa bei ya zamani: kutoka 2,800 hadi 2,884 ni asilimia 3. Jedwali la kila mwezi likae kwenye karatasi yake, kwa sababu ukiandika jipya juu ya la zamani, bei italinganishwa na yenyewe na nchi nzima itasomeka "haijabadilika". Na bidhaa zote tatu zikipanda, weka sentensi moja yenye "zimepanda". Bila hivyo msomaji anakutana na "imepanda" mara tatu mfululizo na anajua mara moja kwamba hakuna mtu aliyeisoma kabla yake.

Shida halisi iko juu ya jedwali, kwenye aya ambazo programu haizigusi. Bei hukokotolewa kwa mafuta yaliyopokelewa bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Ikitokea Tanga haikupokea shehena ya mafuta ya taa, wauzaji wa mikoa ya kaskazini wanachukua Dar es Salaam, na bei yao inabeba gharama ya kuyasafirisha kutoka huko. Jedwali linasema Arusha imepanda. Sababu ni safari ya lori, wala si soko la dunia. Vivyo hivyo Juni 2022, serikali ilipoweka ruzuku ya shilingi bilioni 100: namba za jedwali peke yake hazimwambii msomaji nani amelipa tofauti. Shirika la habari la Marekani, Associated Press (AP), waliyaona haya Julai 2015, stori iliyoandikwa na programu iliposema hisa za Netflix zimeporomoka, kumbe kila hisa moja ilikuwa imegawanywa kuwa saba, na bei ya kila moja ikapungua bila mwenye hisa kupoteza kitu.

Ndiyo maana baada ya aya ya pili ya kiolezo chetu kuna nafasi iliyoandikwa KWA NINI. Mpaka mwandishi aijaze, mfumo haukubali kuchapisha.

Hapo ndipo ratiba ya zamu inapobadilika. Zamani mmoja aliandika na mwingine akahariri. Sasa kuna mtunza kiolezo, mwandishi wa sababu, na mhariri wa zamu anayeidhinisha. Majina yao yawe kwenye ratiba. Yasipokuwepo, kila mtu atadhani mwenzake ameangalia. Muda uliookolewa nao upangiwe kazi asubuhi hiyohiyo: kuwapigia madereva wa malori, kuuliza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kama kuna maombi ya nauli mpya, kufuatilia bei ya unga sokoni. Ukiuacha wazi, uongozi utaujaza kwa violezo vingine vitano, na mwandishi atakuwa mlinzi wa majedwali tu.

Wasimamizi hupenda kutaja kwamba AP, walipoanza mwaka 2014, walitoka kwenye stori 300 hivi za mapato ya kampuni kwa robo mwaka hadi 3,000 bila kumpunguza mtu. Sawa, lakini wale ni waajiriwa. Huku kwetu waandishi wengi wa mikoani wanalipwa kwa stori, na stori ya bei ya mafuta ilikuwa sehemu ya kipato chao cha mwezi. Programu ikiandika ya Mbeya, mwandishi wa Mbeya amekosa hela ya mfukoni mwake. Tulichokubaliana ni kwamba mwandishi wa mkoa anayeleta sababu na sauti za watu wa huko analipwa stori kamili, hata kama namba zote zimetoka kwenye kiolezo, na jina lake linatangulia. Chini tunaandika: "Takwimu zimepangwa kwa programu." Ningemshauri yeyote anayeanza alimalize hili na mhasibu kabla ya kugusa jedwali.

Kosa likipatikana, usisahihishe stori moja. Limeingia kwenye mikoa yote kwa pamoja. Zima kiolezo kwanza, rekebisha kanuni, toa upya stori zote zilizoathirika, kisha weka maelezo ya marekebisho juu ya kila moja.