Lengalenga za tantini

Mwaka wa mwisho wa agronomi nilikuwa nafanya memware, ile kazi ya kumaliza masomo, juu ya udongo wa Penga Penga, ule mtaa wetu wa Lubumbashi ambao moshi wa kuyeyusha shaba umeushukia tangu 1911, kuna sehemu hata majani hayashiki. Nikabeba udongo kwa baiskeli mpaka kwa tantini, shangazi yangu, nikajaza ndoo 12 za rangi: 4 hazina kitu, 4 na chokaa, 4 chokaa na mavi ya kuku, zote nikapanda lengalenga, yaani mchicha.

Zile ambazo hazikuwa na kitu zikatoka njano, fupi kama kidole. Za mavi ya kuku, jamani, majani kama mkono! Tantini kila asubuhi: "Weye mwana, hizi tunapika lini?" Namwambia bado, za labo hizi. Siku ya kuvuna nikatoa za labo, zingine nikaacha jikoni, kurudi jioni nakuta bukari iko mezani na lengalenga zimeshakaangwa na nyanya na mimi nikala, tena nikaongeza, maana chokaa inafunga shaba si ndiyo tulifundishwa.

Majibu yakakuja. Shaba imeshuka kweli, nikacheka peke yangu. Promota, mwalimu anayesimamia memware, hakucheka, akaweka kidole kwenye mstari wa arseniki, ile sumu: ndoo za chokaa imepanda, za mavi ya kuku ndiyo usiseme.

Kumbe arseniki haina tabia ya shaba. Kwenye udongo wenye asidi inajishikiza kwenye kutu ya chuma, ile inayofanya udongo wetu kuwa mwekundu, ukitia chokaa asidi inaisha na kutu inaachilia. Halafu mavi ya kuku yamejaa fosfori, na fosfori na arseniki ni kama mapacha, zinagombania kiti kimoja, fosfori ikikaa arseniki inaanguka kwenye maji, na mzizi unaipokea kwa mlango uleule wa fosfori, hautofautishi. Nilirudia na vumbi la chuma kutoka kwa ajisteri, fundi wa vyuma, likaota kutu humo ndani, arseniki ikapungua, si sana lakini ikapungua.

Ila usiku ule wa majibu sikuwa na hayo yote kichwani, nilikuwa nawaza tu nitamwambiaje tantini. Nikamwambia. Akanyamaza, akafuta meza mara mbili.

"Ni mara moja tu, tantini, haina shida."

"Na ile chokaa yako ilibakia," akasema, "niliimwaga ku bustani nyuma ya nyumba, pamoja na mavi ya kuku, nikaona zako zinapendeza."

Nikachukua mfuko na kijiko, nikawasha tochi ya simu, nikatoka nyuma.